Papa Muulizaji na Kitunga cha Watu Wanne

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumwuliza, na hilo peke yake linachekesha, kwa sababu mtu huyu aliishi kwa kuuliza. Kuanzia bandarini mpaka stesheni, Kalemie yote ilimwita Papa Muulizaji. Jina lake la kwenye kadi ya uchaguzi ninalijua, lakini hata mke wake halitumii, basi mimi ni nani nilitumie.

Kazi yake niieleze vizuri, maana wengi walidhani ni mpelelezi. Vyama vitatu vilikuwa vimeungana: akina mama wakausha samaki wa Ankoro, wapakiaji wa Kabalo, na wenye depo wa hapa Kalemie. Samaki wa moshi huteremka mtoni kwa mtumbwi kutoka Ankoro hadi Kabalo, wakapanda treni mpaka Kalemie, na hapa depo huwatoa kwa wanunuzi na kwa mashua za Kigoma. Vyama vikataka programu moja ya kompyuta, ili kila mzigo ujulikane uko wapi na ni wa nani. Programu mbili zilikuwa zimeshaletwa na wataalamu wa mbali, na zote mbili zilikufa hata mvua hazijaisha. Wakaapa kwamba ya tatu ikishindwa, muungano unavunjika na kila mtu anarudi kwa chake.

Hiyo ya tatu nilipewa mimi niiandike. Nilikuwa nimetoka masomoni Lubumbashi na diploma ambayo mama yangu aliitundika ukutani, juu kidogo ya picha ya harusi yake. Papa Muulizaji alipewa kazi ya kunitangulia: awaulize watu wa vyama vyote vitatu wanafanyaje kazi yao, ili mimi nijue la kuandika.

Niseme mapema kabla sijajisahau kwa vichekesho vyake: kuna jambo nilimficha katika kazi ile, likamgharimu, na nikachelewa miaka minne kumwambia.

Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka mingi katika ofisi moja ya mizigo, kwenye dirisha la watu waliopotelewa. Kila siku mtu mwenye hasira alisimama mbele yake kueleza begi lake lilivyokuwa, na kila siku begi la kwenye maelezo lilikuwa zuri kuliko begi lililopatikana. Kule ndiko alikojifunza kutoamini maelezo yanayonyooka. Neno alilolichukia kupita yote ni lile la Kifaransa ambalo sisi tunaanza nalo kila habari ya kazi: normalement, yaani "kwa kawaida". Ukilisema, alichora kistari kwenye kaye yake, daftari la mfukoni. Hakukukatiza. Alichora tu, ukamwona anachora, na maneno yakaanza kukukwama.

Nilikuwepo siku alipomhoji mlinzi wa depo, mtu mwenye sauti nzito na funguo nyingi kiunoni.

"Normalement," mlinzi akaanza, "kolis inafika, ninahesabu, ninasaini, ninaweka ku nafasi yake."

Kistari.

"Jana je?" Papa Muulizaji akauliza.

"Jana sikukuwako, Papa. Nilienda ku matanga."

"Na mizigo ya jana, nani alisaini?"

"Mimi."

"Ukiwa ku matanga?"

"Apana, Papa. Nilisaini juzi. Sababu nilijua jana nitakuwa ku matanga."

Papa Muulizaji hakucheka, hata kidogo. Aliandika neno kwa neno, akamshukuru, akamwuliza marehemu alikuwa nani, akampa pole. Tulipotoka nje ndipo alipoegemea ukuta na kucheka mpaka machozi. Kisha akafuta uso na kuniambia kwa ukali, "Usimucheke. Wale wataalamu wa kwanza walimucheka, njo maana aliwambia tu mambo ya karatasi." Nami ndimi niliyekuwa sijacheka.

Mikutano aliiona kuwa ni mahali watu wanapodanganyana kwa adabu. Viongozi wa vyama vitatu walipokutana, kila mmoja alieleza kazi ya chama chake kama kwaya iliyofanya mazoezi, vistari vikajaa ukurasa, na mwishoni wote wakapigiana makofi. Papa Muulizaji naye akapiga makofi. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni pa depo, akakaa juu ya debe, akangoja aone nani atafungua na ataanza na nini. Aliyefungua alikuwa mama anayefagia. Kumbe ufunguo wa pili alikuwa nao yeye, na nusu ya mizigo ya asubuhi alikuwa akiipokea yeye, ufagio mkononi.

Kompyuta yangu hakuitaka mezani, ila mkobani. "Weka mashini yako ku sakoshi," aliniambia siku ya kwanza. "Mutu akiona mashini anasema kama redio." Tangu siku hiyo akaniita Mama Mashini, na jina likanishika mji mzima. Yeye mwenyewe hakujua hata kuiwasha. Siku moja nilimwachia dakika tano aangalie michoro yangu. Niliporudi nilikuta ameifunika kwa kitambaa, kwa sababu ilikuwa imelala na yeye alidhani ameiua.

Lakini alijua kitu kimoja ambacho sikufundishwa masomoni. Nilitengeneza ukurasa mzuri wa kupokelea mizigo, wenye rangi tatu na vitufe vidogo vilivyopangana, nikamwonyesha kwa madaha. Akauliza swali moja tu: "Nani ataibonyeza?" Akanipeleka Kabalo, akanitafutia mpakiaji ambaye kidole gumba chake kilikuwa kipana kama kijiko cha supu. Yule baba wa watu akabonyeza kwa heshima zote, na vitufe vitatu vikaitika kwa pamoja: mzigo ulifika, ukapotea, na ukarudishwa Ankoro, vyote kwa mguso mmoja. Nilikasirika na kidole kile wiki nzima. Mwishowe nikafanya vitufe vikubwa.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Aliwadai watu saa kamili za kila jambo, naye hakuwahi kufika mahali kwa saa aliyosema. Koti lake la mifuko minne lilikuwa na kalamu nne, na tatu kati yake zilikuwa zimekauka wino. Nilipomwuliza anazibebea nini, akasema zinafanya wakubwa waheshimu. Nyumbani kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mke wake, mama mwenye ulimi mwepesi na mkono mzuri wa kupika, alinieleza akiwa anasonga bukari, ugali wetu:

"Huyu anauliza watu wa inje kutoka asubuhi mpaka jua linashuka. Mimi nikimuuliza, baba, leo unataka kula nini, anasema, 'Kitu chochote.' Nikiweka samaki ya ndagala, anaangalia sahani kama vile imemutukana. 'Tena ndagala?' Sasa nijue namna gani?"

Papa Muulizaji akatazama dirishani kama mtu asiyesikia Kiswahili. Nilicheka peke yangu njia nzima, maana mke wake alikuwa ameeleza taabu yote ya kazi yetu na hakuwahi kukanyaga ofisi.

Na kwamba aliogopa maji, jamani, mtu aliyeishi hatua chache kutoka ziwani! Safari ya kwanza ya Ankoro, tulipofika penye mtumbwi, alianza kunieleza kwamba mambo ya mtoni tunaweza kuyajua kwa simu. Nikamwambia, "Papa, wewe njo ulinifundisha, simu haioni." Akapanda. Alifumba macho, akashika ukingo kwa mikono miwili, na kwa kuwa hofu ilikuwa inamtafuna, akaanza kumhoji mpiga kasia aliyekuwa nyuma yake. Jana ulipakia nini? Nani alikushika mkono kushusha? Ukikuta mto umejaa unaweka wapi? Tulipofika Ankoro alikuwa amefumba macho saa nyingi na alikuwa amejua habari za mto ule kuliko mkuu wa chama chochote. Mpiga kasia naye akaniuliza pembeni, kwa huruma, yule mzee alipofuka lini.

Katika safari hizo zote, mtu mmoja alikuwa nasi daima. Nitamwita Mama Msindikizaji. Kila wiki aliteremka na mizigo kutoka Ankoro, akakaa juu ya vitunga mtumbwini, akakaa juu ya vitunga ndani ya treni, akafika navyo Kalemie. Kitunga ni kikapu kikubwa cha samaki, kinachofumwa mdomo kwa kamba. Alikuwa mnene, mcheshi, na chupa yake ya chai haikuisha. Papa Muulizaji alimpenda sana. Alikunywa chai yake na kula mihogo yake ya kuchoma, naye Mama Msindikizaji akamwelekeza: nenda kwa fulani, yule anajua, yule mwingine achana naye, anajisifu tu. Theluthi ya watu tuliowahoji tulionyeshwa na yeye.

Sasa nifike penye mwiba wangu. Programu ilikuwa karibu kukamilika. Nilikuwa stesheni ya Kalemie nikibandika namba na majina kwenye vitunga vya majaribio, na Papa Muulizaji alikuwa mbali akimwuliza mtu habari za magurudumu ya mkokoteni. Mama Msindikizaji akaniita.

"Mama Mashini, hii kitunga umeandika jina ya mama moja. Samaki ni ya wamama wane. Unaona hii majani? Njo inatenga. Ya chini ni ya ule, ya katikati ni ya huyu."

"Sasa mwenye kitunga ni nani?" nikauliza.

"Kitunga ni ya huyu uliandika jina. Samaki ni ya wenyewe."

Kwao halikuwa jambo la kueleza. Hakuna mama mmoja anayejaza kitunga kwa wiki moja, kwa hiyo wanne hujaza pamoja. Karatasi inaandikwa jina la mwenye kikapu tu, na vitunga vikifika depo Mama Msindikizaji hufungua kamba na kumpa wakala wa kila mama samaki wake kwa kufuata majani. Miaka yote haikuharibika. Wala haikusemwa mkutanoni, kwa sababu ni nani anayeeleza mkutano kwamba anapumua?

Lakini katika programu yangu kila mzigo ulikuwa na nafasi ya jina moja la mwenyewe, na juu ya jina hilo nilikuwa nimejenga kila kitu kingine. Kuibadilisha ilikuwa kubomoa kazi ya miezi miwili. Nikajiambia ni vitunga vichache tu. Nikasema, "Sawa Mama, nitaangalia." Sikuangalia. Papa Muulizaji aliporudi, akaniuliza kama kuna jipya, nikamwambia hakuna.

Programu ikaanza kazi. Vitufe vilikuwa vikubwa, mlinzi wa depo aliweza kusaini mapema akiwa na matanga, na mama wa ufagio alikuwa na nafasi yake kwa jina lake. Ilipendeza kuitazama. Treni ya kwanza ilipoingia, Mama Msindikizaji akashuka, akasimama mlangoni pa depo kama kawaida yake ili agawe. Mlinzi akamwambia kwa upole, "Mama, pumuzika. Sasa mashini inajua." Naye akapumzika. Na kila kitunga kikachukuliwa na wakala wa mama aliyeandikwa, kizima, pamoja na samaki wa wenzake watatu.

Baada ya wiki tatu Ankoro ilikuwa inawaka. Akina mama waliokausha samaki juu ya moto mmoja tangu ujana walikuwa hawasalimiani. Mmoja alihamisha tanuri lake hadi ng'ambo ya njia. Wajumbe wakaja Kalemie, mkutano mkuu ukaitishwa katika ukumbi wa parokia, na wote walijua unaitishwa kwa nini.

Kiongozi wa Kabalo alisimama kwanza. "Hii ni ya tatu," akasema. "Tuliapa. Iende, na kila mutu arudiye ku kazi yake."

Kisha mkuu wa akina mama wa Ankoro, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, akauliza: "Mimi niko na ulizo moja. Ni nani alituandikia kitunga moja, mwenye moja?"

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kompyuta mapajani, na nilijua jibu. Nilijiona nimerudi nyumbani na diploma yangu, na muungano mzima umevunjika kwa sababu nilikuwa mvivu wa miezi miwili. Niliogopa. Hakuna neno jingine la kulipamba.

Papa Muulizaji akasimama.

"Ni mimi njo sikuuliza," akasema. "Nilikunywa chai ya huyu mama safari sita. Nilikula mihogo yake. Nilimuuliza habari ya kila mutu. Yeye mwenyewe, kazi yake ni nini, sikumuuliza hata siku moja. Nilifikiri ni mama wa chai."

"Eeeh!" Mama Msindikizaji akaruka kule nyuma ukumbini, mikono kiunoni. "Mimi? Mama wa chai?"

Mtu akacheka. Mwingine akafuata. Mwishowe hata yule mama mwembamba wa Ankoro alijifunika mdomo kwa kitenge. Papa Muulizaji akangoja kicheko kiishe, akainamisha kichwa mbele ya Mama Msindikizaji, akamwomba msamaha mbele ya watu wote, na akaomba siku kumi na tano za kurekebisha. Wakampa.

Siku tatu alikaa na Mama Msindikizaji kwenye sakafu ya depo, wakifungua vitunga. Akaniletea kurasa zilizochorwa majani, tabaka kwa tabaka, kila tabaka na jina. Nilibomoa kila kitu, nikajenga upya usiku na mchana. Nilikipa kitunga kimoja nafasi ya kila mama na samaki wake, na nikaongeza hatua ambayo kitunga hakitoki depo mpaka Mama Msindikizaji athibitishe kwa kidole chake. Siku ya kumi na tano programu ilikubaliwa. Inafanya kazi hadi leo, na yule mama aliyehamisha tanuri alilirudisha mahali pake.

Mimi nilipata jina. Watu wa Moba waliniita, wa Uvira waliniita. Yeye, awamu ya pili ya kazi ilipofika, ile ya mashua, viongozi walisema mzee amechoka, alisahau hata kumwuliza mama wa mizigo, tutafute mwingine. Wakamshukuru kwa barua. Nilisikia, nikanyamaza tena. Mara ya kwanza ilikuwa hofu. Ya pili ilikuwa aibu.

Mwaka huu, kiangazi, nilipanda mpaka nyumbani kwake, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Miguu imeanza kumsumbua. Nilimkuta barazani akibangua karanga, na mke wake akanikaribisha kwa kelele kama kawaida, akaenda kuchemsha maji. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba njiani juu ya pikipiki, na yote ikanitoka.

"Papa," nikasema, "Mama Msindikizaji aliniambia. Habari ya majani. Aliniambia ku stesheni, mbele ya kuanza. Sikukuambia."

Aliendelea kubangua karanga mbili tatu.

"Ninajua," akasema. "Aliniambia siku ya kwanza tulikaa naye ku depo. Alisema, 'Lakini hii kitu nilimwambiaka Mama Mashini.'"

"Ulijua? Na uliacha wakutoe ku kazi?"

"Mama Mashini, fikiri. Ningesema ni wewe, wangekufukuza siku ile ile. Na mashini nani angeitengeneza? Mimi? Mimi hata kuwasha sijui. Wamama wa Ankoro walikuwa wanangoja." Akapuliza maganda yaliyojaa kiganjani. "Na pia sikudanganya. Kweli sikumuuliza. Ningalimuuliza, wewe haungekuwa na kitu cha kuficha."

Nililia. Sikujizuia. Mke wake alichungulia mlangoni, akaona, akarudi ndani bila neno, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Kisha nikamwuliza lile nililotaka kujua toka aliposema anajua.

"Papa, miaka mine. Ulijua miaka mine yote. Sababu gani haukuniuliza?"

Alinitazama kama vile swali hilo lilikuwa la kitoto.

"Wewe nilikuwa ninakungojea," akasema.

Basi nikamweleza yote toka mwanzo, nilivyosimama, nilivyojibu, nilivyomdanganya kwamba hakuna jipya. Yote aliyajua, lakini alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza.